Mkoba wa Mtoto ni wa Mtoto: Nasaha kwa Wasafirio kwa Ndege na Kitoto Kichanga

Wazee wetu walisafiri baina ya pwani hii na Uarabuni kwa majahazi. Kaskazi ikiwaleta, kusi ikiwarudisha, na safari ilikuwa ya wiki nyingi baharini. Aliyesafiri na mtoto mchanga alijua tangu siku ya kung'oa nanga kwamba mbele yake hana duka wala kisima. Basi alitazama kwanza maji na chakula cha mtoto, kisha ndipo akatazama bidhaa zake. Leo safari ile ile, kutoka Unguja au Dar es Salaam hadi Maskati, ni ya saa tano au sita hivi angani. Kwa sababu ya wepesi huo, wengi wetu tumeusahau utaratibu ule wa kutanguliza cha mtoto. Twadhani kuwa saa sita si kitu. Kwa mtu mzima ni kweli si kitu, lakini kwa mtoto wa miezi saba ambaye hunywa kila baada ya saa tatu, saa sita ni mchana kutwa.

Tumeona tuandike maneno haya kwa sababu ya jambo lililotufika nyumbani kwetu wenyewe. Twalieleza bila ya kulificha kosa letu, ili jirani ajifunze kwetu kabla hajafikwa.

KISA CHENYEWE

Binti yetu alikuwa akimfuata mumewe ng'ambo, na mkononi ana mtoto wa kiume wa miezi saba. Baada ya kujifungua alipatwa na maradhi yaliyomkausha maziwa, hivyo mtoto akawa analelewa kwa maziwa ya unga ya kopo. Usiku wa kuamkia safari nyumba ilijaa jamaa, na kila aliyeingia aliingia na kitu: huyu chupa ya achari ya maembe kwa shemeji yake, huyu mafuta ya nazi yaliyopikwa nyumbani, huyu asali, huyu marashi. Sanduku kubwa lilikuwa limekwisha jaa, tena ikahofiwa kuwa chupa zitavunjika humo. Basi sisi wenyewe, kwa mikono yetu, tukaufungua mkoba wa mtoto, tukalitoa kopo la maziwa na kulitia sandukuni, kwani bati halivunjiki, na mahali pake tukazipanga zile chupa za jamaa. Mkobani tukabakisha chupa moja ya maziwa yaliyokwisha tengenezwa, na chupa ya chai yenye maji ya moto.

Binti yetu akasema, "Baba, na maziwa ya mtoto?"

Tukamjibu, "Safari yenyewe ni saa sita tu, mwanangu. Atakunywa hayo, na mengine mtayakuta mkifika."

Alipofika mahali pa ukaguzi, mkoba ukafunguliwa mbele ya watu. Ikatoka achari, ikatoka asali, yakatoka mafuta, yakatoka marashi, na kila kilichotoka kikatupwa katika pipa. Nyuma yake safu ni ndefu, mtoto yu begani, na macho ya watu yanamtazama. Kisha mkaguzi akaiinua ile chupa ya chai na kumwuliza ni kitu gani. Kwa haya iliyokwisha mjaa akajibu, "Maji tu." Yakamwagwa.

Ndege ikachelewa kuondoka kwa saa moja na nusu, na chupa ile moja ya maziwa ikamalizika kabla magurudumu hayajaondoka ardhini. Huko juu watumishi wa ndege walikuwa na maji ya moto, lakini maziwa ya kitoto hawakuwa nayo. Mtoto akalia hata sauti ikamkauka. Aliyemwokoa ni mama mmoja aliyeketi nyuma, naye ana mtoto wake, akamgawia vijiko kutoka katika kopo lake. Jina lake hatulijui wala kwao hatukujui, na kila tunyanyuapo mikono twamwombea.

Usiku ule binti yetu alitupigia simu. Alisema, "Baba, tumefika salama. Achari haikufika." Habari ya kilio hakututajia. Tuliipata kwa mumewe baada ya siku kupita.

Tumeupima mambo haya mara nyingi, na hatukuona pa kumlaumu mkaguzi. Yeye aliambiwa ni maji, naye akayafanyia maji yapasavyo kufanyiwa. Kosa lilianza usiku ule, mkoba wa mtoto ulipogeuzwa kuwa mkoba wa jamaa.

ASILI YA SHERIA HII

Watu wengi hudhani kwamba kuzuiwa kwa maji na mafuta katika ndege ni inda ya wakaguzi. Si hivyo. Tarehe 10 Agosti 2006 polisi wa Uingereza waliwakamata watu waliokuwa wamepanga kulipua ndege zinazotoka London kwenda Marekani na Kanada, kwa vitu vya majimaji vilivyotiwa katika chupa za vinywaji vya kawaida. Siku ile ile vitu vya majimaji vikapigwa marufuku katika viwanja vya Uingereza. Maziwa ya watoto yaliachwa yapite, lakini mzazi alitakiwa ayaonje mbele ya mkaguzi. Zingatia, msomaji: hata siku ile ya hofu kubwa, mtoto hakusahauliwa.

Baadaye wataalamu wakaweka kipimo. Marekani ikakianza tarehe 26 Septemba 2006, nchi za Umoja wa Ulaya tarehe 6 Novemba 2006, na mwaka 2007 kikaenea katika nchi nyingi za dunia. Kipimo chenyewe ni hiki: kila kitu cha majimaji kinachoingia na abiria ndani ya ndege kiwe katika chombo kisichozidi mililita 100, na vyombo vyote hivyo vikae pamoja katika mfuko mmoja wa plastiki unaoonesha ndani, wenye kufungika, usiozidi lita 1.

Hapa watu hukosea katika mambo mawili. La kwanza, kinachotazamwa ni ukubwa wa chombo, si kiasi cha kilichomo. Chupa ya mililita 200 iliyobakiwa na mafuta kidogo chini itakataliwa. La pili, majimaji si maji peke yake. Asali, achari, siagi, mafuta ya mgando, dawa ya meno, krimu, sabuni ya maji na uturi, vyote vimo katika hesabu hiyo. Kila kinachomiminika, kinachopakwa au kinachopulizwa, kihesabu kuwa ni majimaji.

Ni kweli kwamba vipo viwanja, hasa katika Ulaya, vilivyoweka mashine mpya zenye kuona ndani ya chupa, na vikakilegeza kipimo hiki. Lakini msafiri asijitegemeze juu ya hilo, kwani kiwanja cha kuondokea chaweza kuwa na mashine mpya, na cha kubadilishia ndege kikawa bado kwenye mililita 100. Afungaye mzigo kwa kipimo kidogo hupita kote kuwili.

MLANGO ULIOACHWA WAZI KWA MTOTO

Sasa twafika kwenye jambo ambalo lau tungelijua, kisa chetu kisingekuwapo. Sheria hii ina mlango ulioachwa wazi kwa ajili ya mtoto mchanga. Maziwa ya mama, maziwa ya kopo, maji ya kutengenezea maziwa hayo, na chakula laini cha mtoto huruhusiwa kuzidi mililita 100, kwa kiasi kinachohitajiwa na safari, wala si lazima vitiwe katika ule mfuko wa lita 1. Dawa za majimaji zinazohitajiwa njiani nazo hupewa ruhusa yao.

Lakini mlango huu una masharti yake. Mwenye vitu hivyo avitoe mkobani mwenyewe, aviweke mbali na vingine, na aseme kabla hajaulizwa: "Haya ni maziwa ya mtoto, na haya ni maji ya maziwa yake." Mkaguzi ana haki ya kuvipitisha peke yake katika mashine, au kuvijaribu kwa njia nyingine, na hilo lisimtie mama hasira wala hofu. Mahali pengi mama aweza kuomba chupa isifunguliwe, na akafanyiwa ukaguzi wa namna nyingine badala yake.

Nchi pia hutofautiana katika madogo. Uingereza maji yaliyochemshwa ya mtoto hutakiwa yawe katika chupa ya mtoto yenyewe, si katika chupa ya soda au ya maji ya dukani. Huko huko, maziwa ya mama yaliyogandishwa kuwa barafu hayaruhusiwi katika mkoba wa mkononi, ila hupelekwa pamoja na mizigo mikubwa. Marekani yaliyogandishwa hupita, na maziwa ya mama huruhusiwa hata kama mtoto hayupo safarini. Kwa hiyo kila mwenye safari na aulize mapema shirika lake na kiwanja chake, siku kadhaa kabla, wala si mlangoni.

Na kwa mabinti zetu twasema: haya ni pambo, lakini haya isimnyime mtoto haki yake. Kutaja maziwa mbele ya mkaguzi mwanamume si utovu wa adabu. Ni chakula cha mtoto, na Mwenyezi Mungu katika Sura ya Al-Baqara ameitaja habari ya kunyonyesha kwa miaka miwili kamili kwa maneno yaliyo wazi. Atakayeona uzito aombe kukaguliwa na mwanamke, au mume wake au mahramu yake aseme kwa niaba yake. Asiseme "Maji tu."

MAZIWA YAFUNGWEJE

Mama anyonyeshaye ana nafuu kubwa, kwani chakula cha mtoto anacho mwilini mwake, safi na chenye joto lake, na hakuna mkaguzi wa kukimwaga. Madaktari wa Shirika la Afya Duniani wanausia kwamba mtoto chini ya miezi sita apewe maziwa ya mama peke yake, bila hata ya maji. Mama wa namna hii hahitaji kubeba maji wala uji kwa ajili ya mtoto. Ahitajicho ni leso pana ya kujisitiri, na maji ya kunywa yeye mwenyewe, atakayoyapata baada ya ukaguzi.

Aliyekamua maziwa yake na kuyatia chupani ajue umri wake. Katika joto la kawaida la chumba, lisilozidi nyuzi 25, maziwa hayo hukaa saa 4. Yakitiwa katika mkoba wa baridi pamoja na vifuko vya barafu vilivyoganda sawasawa, hukaa mpaka saa 24. Katika joto letu la pwani, basi, mkoba wa baridi si anasa.

Maziwa ya kopo yana hukumu nyingine. Yakisha changanywa na maji yatumiwe ndani ya saa 2, na mtoto akianza kuyanywa, masazo yamwagwe baada ya saa 1. Kwa hiyo haifai kutengeneza chupa nne nyumbani asubuhi na kuzibeba mpaka jioni. Lililo bora ni kupima unga mkavu kwa kila mnywo, kila kipimo katika kikopo chake safi kilichokauka, na kuuchanganya pale pale mtoto atakapo. Unga huu hauuawi vijidudu vyake kiwandani vyote, ndiyo sababu madaktari wanataka uchanganywe kwa maji ya moto yasiyopungua nyuzi 70, kisha chupa ipozwe, na mama ajaribu tone moja juu ya kifundo cha mkono kabla ya kumpa mtoto.

Ipo hila nzuri ya maji hayo. Chupa ya chai ipitishwe katika ukaguzi ikiwa tupu, kwa kuwa chupa tupu haina neno. Ikisha vuka, ijazwe maji yaliyotoka kuchemka katika mkahawa wa ndani ya kiwanja. Hata hivyo chupa moja ya mtoto yenye maji yaliyochemshwa nyumbani ibebwe kama akiba na kutajwa kwa mkaguzi. Anayeweza gharama anunue maziwa ya majimaji yaliyo tayari katika pakiti zilizofungwa kiwandani.

Kuhusu kiasi, hesabu ni rahisi. Hesabu saa 3 za kiwanjani kabla ya kuruka, saa 6 za angani, na saa 2 za kutoka na kungoja mizigo. Hizo ni saa 11. Mtoto anywaye kila saa 3 atahitaji vipimo 4. Ongeza nusu yake kwa ajili ya kuchelewa kwa ndege, viwe 6. Nepi nazo, moja kwa kila saa 2, kisha 3 za akiba. Kopo zima nalo likae katika mkoba wa mkononi, wala lisitiwe sandukuni, kwani sanduku laweza kupotea siku mbili, na mtoto hangoji siku mbili.

KWA NINI MAZIWA YAWE KARIBU NA MKONO

Iko sababu nyingine ya kuyaweka maziwa mahali pa kufikiwa, si katika kabati la juu. Ndani ya ndege inayoruka juu kabisa hewa huwa nyepesi, mfano wa mtu aliyesimama juu ya mlima wa mita 1,800 hadi 2,400. Ndege ipandapo na ishukapo, mabadiliko ya hewa hiyo huyasukuma masikio, na mtoto huumia zaidi wakati wa kushuka. Mtu mzima humeza mate akapona. Mtoto hajui hayo, lakini akinyonya humeza, na akimeza masikio hufunguka. Basi mnywo mmoja uwekwe kwa ajili ya kushuka.

Hewa hiyo hiyo ndiyo imwagayo mafuta mikobani. Chupa iliyojazwa mpaka mdomoni na kufungwa chini, hewa iliyomo hutanuka ikifika juu, ikasukuma mafuta nje ya kifuniko. Dawa yake ni kutojaza mpaka juu, kuiminya chupa laini kidogo kabla ya kuifunga, kuweka kipande cha plastiki chini ya kifuniko, na kila chupa kuitia katika kifuko chake.

MAFUTA, MANUKATO NA DAWA

Katika mfuko wa lita 1 mtoto hahitaji mengi: kichupa cha mafuta, kikopo cha mafuta ya mgando kwa midomo na mapaja, maana hewa ya ndani ya ndege ni kavu sana, na sabuni kidogo. Sabuni ya mche haimo katika majimaji, na vitambaa vyenye unyevu vya kumfutia mtoto hupita bila kuhesabiwa.

Wengine huuliza: mifuko ya plastiki si imekatazwa kwetu? Ni kweli, Kenya iliikataza tarehe 28 Agosti 2017, na Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019. Lakini Tanzania ilipotoa amri hiyo iliieleza ile mifuko midogo yenye kufungika inayotiwa vitu vya kuogea vya wasafiri kuwa haimo katika katazo, ili mradi mwenye nayo asiitupe nchini. Uutunze mfuko wako, urudi nao.

Dawa ya homa na nyingine za mtoto zikae katika chupa zake za asili zenye kibandiko, na kama daktari ameandika cheti, kibebwe. Kipima joto cha zebaki kisitiwe katika mkoba wa mkononi, kwani zebaki ikimwagika huila aluminiamu, nayo ndege nyingi zimeundwa kwa hiyo. Chukua kile cha betri. Dawa ya mbu ya kupuliza chumbani isichukuliwe kabisa, si mkononi wala sandukuni.

Kuna na wanja. Ni ada ya pwani kumpaka mtoto wanja machoni, lakini wanja mwingi wa manga husagwa kwa jiwe lenye risasi ndani yake, na risasi huidhuru akili ya mtoto hata ikiwa kidogo. Marekani haukubali wanja wa namna hiyo kuingia. Ushauri wetu ni uachwe, safarini na nyumbani.

Asali nayo, mbali na kuwa ni majimaji, asipewe mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja. Ndani yake mna vijidudu ambavyo tumbo la mtu mzima huvishinda, lakini la mtoto mchanga haliviwezi, na maradhi yake hulegeza viungo na pumzi.

Marashi, uturi na mafuta mengine ya kupaka yanayozidi kipimo yapelekwe katika sanduku kubwa. Huko pia kuna mpaka: kila chombo kisizidi nusu lita, na jumla yake kwa mtu mmoja isizidi lita 2.

TWAHARA YA SAFARINI

Mzazi asafiriye na mtoto ana sala mbele yake, na nguo yake haitasalimika. Kwa hiyo katika mkoba, pamoja na jozi mbili za nguo za mtoto, itiwe nguo moja safi ya mama na moja ya baba. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafii, mkojo wa mtoto wa kiume asiyetimiza miaka miwili ambaye chakula chake ni maziwa tu, mahali pake hunyunyiziwa maji yakaenea, na yatosha. Mkojo wa mtoto wa kike huoshwa. Choo huoshwa kwa wote. Chupa ndogo tupu, itakayojazwa maji ndani ya ndege, yatosha kwa haja hii.

AMANA ZA WATU NA MAJI YA ZAMZAM

Sasa turudi pale lilipoanzia kosa letu. Kupeleka zawadi kwa jamaa ni jambo jema, wala hatulikatazi. Lakini zawadi ina mahali pake, nayo ni sanduku kubwa, baada ya haja za wasafiri kutimia. Jamaa atakaye kupeleka achari na alete siku tatu kabla, aifunge isivuje, na akubali kuambiwa kwamba nafasi hakuna. Mama mwenye mtoto mkononi asitwishwe. Tena asipokee kifurushi chochote asichokijua kilichomo, hata kitoke kwa mtu wa karibu, kwani mbele ya sheria mwenye mkoba ndiye mwenye kilichomo, na wapo waliopotea maisha yao kwa mzigo wa mtu mwingine.

Wanaotoka Umra huyataka maji ya Zamzam. Yasitiwe katika chupa za mtoto kwa kudhani yatapita humo kwa hila. Utaratibu wa Saudia ni dumu la lita 5 lililofungwa rasmi, ambalo hupatikana kiwanjani Jeddah na hupelekwa peke yake pamoja na mizigo mikubwa, wala hayakubaliwi maji hayo kufichwa baina ya nguo sandukuni. Ruhusa iliyowekwa kwa ajili ya njaa ya mtoto isitumiwe kwa udanganyifu, maana wakidanganya kumi, atateswa kwa ukaguzi yule wa kumi na moja aliye mkweli.

MPANGO WA MKOBA

Kwa kufupisha, mkoba uwe na tabaka tatu. Juu kabisa, katika mfuko mmoja wa nguo, viwe vitu vya kutajwa kwa mkaguzi: maziwa, maji na dawa. Tabaka ya pili ni ule mfuko wa lita 1. Chini ni vitu vikavu: kopo na vikopo vya unga, nepi, vitambaa, nguo, leso. Afikapo mbele ya mashine, mama atoe vitu kwa mkupuo mmoja, aseme neno lake, apite.

Na akina baba, kazi hii isiachiwe mama peke yake. Usiku wa kuamkia safari, baba au babu na aketi mlangoni mwa chumba, awe mlinzi wa mkoba ule. Ajaye na chupa aambiwe kwa upole, "Mkoba huu una mwenyewe." Mwenyewe hana ulimi wa kujitetea, hivyo ulimi wake ni sisi.

Mwaka uliofuata binti yetu alikuja kututembelea, kisha akarudi. Safari ile mkoba tuliufunga pamoja, naye akakihesabu kila kikopo. Shangazi mmoja akaleta achari. Tukaipokea, tukamshukuru, na mpaka leo twaila hapa nyumbani.

Mwenyezi Mungu awalinde wasafiri wetu wa bara na bahari na anga, na awahifadhi watoto wetu. Wabillahi taufiq.